Fomu Niliyokwenda Nayo Goa

Kwenye mkoba wa mwanamke kuna vitu ambavyo hata mumewe havijui. Kuna risiti ya kitenge alichosema elfu ishirini kumbe elfu arobaini. Kuna namba ya simu ya fundi wa kucha. Mimi mwezi wa pili mwaka 2023 nilipanda ndege kwenda India na mkoba wa namna hiyo, ila kwenye kile kifuko cha ndani chenye zipu nilikuwa nimeweka karatasi moja iliyokunjwa mara nne. Fomu ya ubatizo. Jina la mtoto: Yusufu. Sahihi ya mama: tayari. Sahihi ya baba: patupu. Katibu wa parokia alikuwa ameniambia kwa upole kwamba ni vizuri wazazi wote wawili wakubali, lakini baba akiwa hayupo inaweza kuendelea na sahihi moja. Nikamjibu kwamba baba yuko safarini sana. Baba alikuwa nyumbani anaosha gari.

Ngoja nirudi nyuma kidogo.

Mume wangu ni mtoto wa Mombasa, Mji wa Kale, Mwislamu wa kuswali swala zote tano bila kuhimizwa. Mimi ni Mchaga wa Kibosho, Mkatoliki wa kuzaliwa, nimeimba kwaya mpaka sauti ikakauka. Tulipopendana Dar es Salaam kila mtu alijua kitakachofuata. Hakuna aliyekubali kumfuata mwenzake, tukafunga ndoa bomani mwaka 2018. Mama yangu alikuja amevaa kama anakwenda msibani. Shangazi yake yeye hakuja kabisa. Miaka mitatu baadaye akazaliwa mtoto wetu, tukampa jina la kuepusha vita, Yusufu, maana limo kwenye Biblia na limo kwenye Kurani. Mama yangu humwita Yosefu. Mama mkwe humwita Yusuf, anakata pale kwenye f kama kisu. Mtoto anaitika yote mawili.

Suala la dini yake tukalipiga kalenda. Kila likija, mmoja wetu anaenda kuangalia kama mlango umefungwa. Wenye ndoa za mseto kama yetu mnanielewa. Kwa miaka miwili nilijiambia kwamba sisi ni wasomi, watu wa kisasa, tutazungumza siku ikifika. Halafu nikaenda parokiani peke yangu Jumatano moja wakati wa chakula cha mchana.

Sasa hiyo safari. Mume wangu anafanya kazi za forodha na usafirishaji wa mizigo, akapelekwa Mumbai kwenye kozi ya wiki mbili. Akasema, "Mama Yusufu, fungate hatukwenda. Kozi ikiisha nifuate, twende Goa siku nne. Kuna fukwe." Mtoto tukamwacha kwa mama yangu. Mwenzangu aliposikia Goa alifikiria bahari na samaki wa kukaanga. Mimi nilifikiria makanisa, kwa sababu nilikua nikisali pamoja na Wagoa pale Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu, Dar, wazee wa suti zilizopigwa pasi na mabibi wenye mantila kichwani, na siku zote nilijiuliza watu hawa Ukatoliki wao umetoka wapi.

Tulipanda treni ya usiku kutoka Mumbai, ile ya reli ya Konkan inayoshuka na pwani. Asubuhi tukateremka kituo kinachoitwa Karmali, ukungu bado uko mashambani. Kituo hicho kiko karibu sana na Goa ya Kale, ila sisi tulipanga kulala Panjim, makao makuu ya sasa, kama kilomita kumi hivi, mtaa wa Fontainhas wenye nyumba za rangi ya haradali na bluu na vibaraza vidogo kama vya Mji Mkongwe. Tukachukua bajaji. Ndiyo, bajaji, na huko ndiko kwao hasa! Mume wangu alipatana bei kwa ishara za vidole, akashuka amependeza na ushindi. Kumbe tulilipa mara mbili.

Goa ya Kale ni mji wa ajabu kwa sababu makanisa yapo na mji haupo. Mreno Afonso de Albuquerque aliuteka tarehe 25 Novemba 1510 kutoka kwa watawala Waislamu wa Bijapur, ukawa makao makuu ya Wareno kwa upande wote huu wa dunia. Ngome ya Yesu pale Mombasa, iliyojengwa kuanzia mwaka 1593, ilipokea amri zake kutoka hapa. Ulikuwa mji mkubwa wa masoko, makasri na watawa wa kila shirika. Halafu maradhi yakauingia, kipindupindu na malaria, watu wakahama kidogo kidogo, na mwaka 1843 Panjim ikafanywa rasmi kuwa makao makuu. Nyumba zikabomoka, mawe yakabebwa, minazi ikaota. Yakabaki makanisa makubwa yamesimama kwenye majani yaliyofyekwa, kama wageni waliokuja harusini siku isiyo yake. Wareno wenyewe waliondolewa na India mwaka 1961, na mwaka 1986 UNESCO ikayaweka makanisa hayo kwenye orodha ya urithi wa dunia.

Siku ya kwanza tulianza na Basilika la Bom Jesus, maana yake Yesu Mwema. Usitegemee kanisa jeupe la kwenye kadi ya Krismasi. Hili halina plasta, ni mawe mekundu yenye vitundu, rangi ya kutu, na linaonekana zito kama ghala la mfalme. Ujenzi ulianza mwaka 1594, likatabarukiwa 1605. Ukiingia ndani ndipo macho yanapofumbuka, kwa sababu madhabahu yote ni dhahabu juu mpaka chini, na katikati amesimama Mtakatifu Inyasi wa Loyola, mkubwa, mikono juu, na chini ya miguu yake Mtoto Yesu mdogo kabisa. Kuingia ni bure. Funika mabega na magoti, khanga inatosha, na ukiona tangazo la kukataza picha, tii tafadhali, watu wanasali.

Nilimgeukia mume wangu mlangoni. Alikuwa amesimama pembeni, mikono mfukoni.

"Nenda ukasali," akasema. "Mi nakusubiri pale chini ya mti."

"Hakuna atakayekuuliza dini yako."

"Najua. Ni nyumba ya wenyewe tu."

Hiyo sentensi nilikuwa nimeshaisikia. Baba yangu alipofariki mwaka 2019, misa ya mazishi ilikuwa Kibosho, kanisa limejaa mpaka nje. Mume wangu, ndoa ina mwaka mmoja tu, alikaa nje kwenye mawe na mwavuli, saa mbili nzima, mvua ikimpiga miguuni. Jeneza lilipotoka alilibeba mpaka kaburini, kona ya mbele, na suti yake ikaharibika kwa tope. Ndugu zangu wanakumbuka jeneza. Mimi kwa miaka minne nilikuwa nakumbuka mwavuli. Jamani, moyo wa mtu una hesabu zake.

Basi nikaingia peke yangu. Upande wa kulia, juu sana, ndani ya sanduku la fedha, umelazwa mwili wa Mtakatifu Fransisko Ksaveri. Sanduku hilo lilitengenezwa na mafundi wa hapo hapo Goa katika miaka ya 1630, na chini yake kuna kaburi la marumaru lililotolewa zawadi na mtawala wa Tuscany, Cosimo wa Tatu, likamalizika kusimamishwa mwaka 1698. Mwenyewe Ksaveri alifia kisiwa cha Shangchuan, pwani ya China, mwaka 1552. Kila baada ya miaka kumi huteremshwa watu wamwone kwa karibu, na mara ya mwisho ilikuwa kuanzia Novemba 2024 hadi Januari 2025. Sisi tulimkuta juu, huoni kitu isipokuwa fedha inayong'aa.

Nilipiga magoti nikafungua zipu ya mkoba. Nilitaka kumwombea mwanangu huku nimeishika ile fomu mkononi, kama mtu anayepeleka barua za kuombea kazi. Sala haikuja. Kila nikianza "Bwana," nilisikia sauti ya katibu wa parokia: baba yuko wapi? Bibi mmoja mwenye sari ya kijani akaja akapiga magoti jirani yangu, akasali kwa Kikonkani haraka haraka, machozi yanamtiririka, akaondoka akanipigapiga begani. Labda alidhani naumwa. Nikairudisha karatasi.

Nje nilimkuta mume wangu anakunywa dafu, amekwisha fanya urafiki na muuzaji. Nikamwambia habari ambayo nilijua itamfurahisha, kwamba huyo mtakatifu aliye mle ndani alipita kwao. Ni kweli. Ksaveri aliondoka Lisbon mwaka 1541, akakaa miezi kadhaa kisiwa cha Msumbiji, na mwaka 1542 meli ikatia nanga Malindi kabla ya kufika hapa Goa mwezi wa tano. Kwenye barua yake ya mwaka huo huo anaeleza kwamba Mwislamu mmoja wa Malindi alimlalamikia kuwa watu wameacha ibada, mji una misikiti kumi na saba lakini inayohudhuriwa ni mitatu tu, akataka kujua kama na kwa Wakristo mambo ndiyo hayo hayo.

Alicheka mpaka dafu likampalia. "Wallahi huyo mzee namjua! Bado yupo! Kila Ijumaa husema hivyo hivyo!"

Tukavuka barabara kwenda Kanisa Kuu la Mtakatifu Katarina, maarufu kama Sé. Hilo ni jeupe na ni kubwa kupita kiasi, urefu kama mita 76, ukisimama mlangoni padri wa madhabahuni unamwona kama kidoli. Lilianza kujengwa mwaka 1562 na ndani mafundi waliendelea mpaka katikati ya karne iliyofuata. Katarina alipewa kanisa kwa sababu Goa ilitekwa siku ya sikukuu yake. Lilikuwa na minara miwili, mmoja ukaanguka mwaka 1776 na haukujengwa tena, kwa hiyo uso wake una bega moja. Kwenye mnara uliobaki kuna kengele wanayoiita Kengele ya Dhahabu. Mume wangu alilizunguka lote kwa nje akihesabu madirisha. Mimi nililizunguka kwa ndani. Tulikutana kwenye kona, mmoja jua limemchoma, mwingine amepoa, tukatazamana kama watu waliopotezana sokoni.

La Fransisko wa Asizi liko pale pale uwanjani, sakafu yake imejaa makaburi yenye nembo za koo za Kireno, unakanyaga mabwana wa watu bila kutaka. La Mtakatifu Kayetano lilijengwa na Waitaliano kwa kuiga Basilika la Petro la Roma, dogo lakini na kuba lake, na chini ya kuba kuna kisima. Tukamalizia kwenye tao la mawe karibu na mto Mandovi, ambalo watawala wapya walipita wakishuka melini. Juu yake kuna sanamu ya Vasco da Gama.

"Huyu nimemwacha Malindi na nguzo yake," mume wangu akasema. "Kumbe na huku yuko?"

Jioni ile kwenye samaki wa kari alianza mchezo wa kuhesabu maneno tuliyoachiwa na Wareno. Meza, bendera, leso, mvinyo. "Padri," nikasema mimi. Akanyamaza kidogo, akasema, "Na gereza." Wachunguzi wa lugha wengi wanasema neno letu gereza limetokana na neno la Kireno la kanisa, igreja. Ndani ya Ngome ya Yesu kulikuwa na kanisa, na baadaye ngome hiyo hiyo ikawa jela mpaka mwaka 1958. Alilisema kama utani. Nilicheka, lakini usiku sikulala vizuri.

Siku ya pili tulipanda Kilima Kitakatifu, Monte Santo, upande wa magharibi ya mji. Huko kuna magofu ya kanisa na monasteri ya Waagostino, waliofika Goa mwaka 1572. Lilikuwa moja ya makanisa makubwa ya mji. Mwaka 1835 serikali ya Ureno ilivunja mashirika ya watawa, monasteri ikaachwa, na mwaka 1842 dari la kanisa likaporomoka lote. Uso wake ulianguka mwaka 1931. Kilichobaki ni nusu ya mnara mmoja, mita 46 kwenda juu, mawe mekundu, umepasuliwa kama muhogo. Unaingia unatembea juu ya makaburi, na vigae vya bluu na njano bado vimeshika kwenye kuta za vikanisa vya pembeni, na kwenye nyufa yameota majani.

Nilikuwa nimeshaanza kumzoea, nikaingia bila kumwita. Nikasikia hatua nyuma yangu. Mume wangu alikuwa ndani.

"Hili halina mlango," akasema, kama mtu aliyeulizwa. "Wala paa."

Alitembea taratibu mpaka katikati, akasimama, akatazama ule mnara kwa muda mrefu. Halafu akaniuliza kama najua ni nani aliyesomeshwa hapa. Nikasema malkia wa Georgia, kwa sababu ndiyo habari inayosimuliwa sana hapo. Malkia Ketevan aliuawa Shiraz, Uajemi, mwaka 1624 kwa kukataa kuacha Ukristo, na watawa wa shirika hili wakaleta sehemu ya masalia yake hapa. Mfupa ukapatikana kwenye magofu, ukapimwa vinasaba, na mwaka 2021 India ikawakabidhi Wageorgia sehemu yake. Nilimsimulia kwa hamasa, nakiri, maana ni hadithi ya upande wangu.

"Sawa," akasema. "Na Yusufu je?"

Nilishtuka. Nilidhani amesema mtoto.

Alikuwa anamsema Yusuf bin Hassan. Watoto wa Mombasa wanamjua, wakipelekwa ziara za shule Ngome ya Yesu wanasimuliwa. Baba yake alikuwa Sultani wa Malindi na Mombasa, akagombana na kapteni wa Kireno, akauawa mwaka 1614 kwa njama ya Wareno, na kichwa chake kikapelekwa Goa. Mtoto naye akapelekwa Goa. Mdogo tu, wa miaka kama saba. Wakamkabidhi kwa Waagostino, katika nyumba hii tuliyosimama, wakamfundisha, wakambatiza, wakamwita Dom Jerónimo Chingulia. Mwaka 1626 wakamrudisha Mombasa kuwa mfalme wao, Mkristo, na mke Mkristo. Miaka mitano alitawala, Wareno wakimdharau, Waswahili wakimtilia mashaka. Ikasemwa ameonekana akiomba dua kaburini kwa baba yake. Mwezi Agosti 1631 akaingia ngomeni na watu wake, akamuua kapteni, akarudia jina lake, na Wareno pamoja na Waafrika waliobatizwa waliokataa kusilimu wakauawa, wanawake na watoto wakiwemo, na watawa wa shirika hili hili. Mwaka uliofuata akaivunja ngome akakimbilia baharini, na mwaka 1638 akafa huko upande wa bahari ya Shamu.

"Sisi shuleni walitufundisha kama shujaa," mume wangu akasema. "Nilivyokuwa mkubwa nikawasoma na wale waliouawa. Sikujua tena nimweke wapi." Akagusa kigae ukutani. "Ila mimi nilikuwa namfikiria mkubwa, na upanga. Sikuwahi kumfikiria hapa. Wa miaka saba. Baba kakatwa kichwa, na watu hawa wanamuuliza jina lako nani, naye anajibu Yusufu, wanamwambia hapana."

Hakuwa akinisema mimi. Hilo ndilo lililoniua, hakuwa anajua lolote. Nilikaa juu ya jiwe la kaburi la mtu, nikafungua mkoba, nikafungua zipu.

"Baba Yusufu, kuna kitu nataka kukuonyesha."

Alisoma fomu yote amesimama. Ni karatasi ya ukurasa mmoja lakini aliisoma kama mkataba wa nyumba. Kuna watalii walikuwa wanapiga picha mnara, tukawapisha, tukasogea kivulini bila kusema kitu. Nilitaka apige kelele. Mimi nimelelewa kwenye nyumba ya kelele, kimya kinanitesa. Nikaanza kujitetea: kwamba nilipanga kumwambia, kwamba mama ananisumbua kila Jumapili, kwamba si kwamba namnyang'anya mtoto. Halafu nikachoka nikasema ukweli, kwamba nilitaka kitu kiwe kimeshafanyika ili tusizungumze tena.

"Kwa hiyo Pasaka," akasema.

"Ilikuwa Pasaka."

Akakunja karatasi, mara moja tu, si mara nne. Akasema, "Yusufu alipozaliwa, pale hospitali, saa tisa usiku, nilimwadhinia sikioni."

"Najua."

Akanitazama.

"Nilikuwa macho. Nilijifanya nimelala."

Hapo ndipo sura yake ilipobadilika, msomaji. Fomu haikumtikisa kama hilo lilivyomtikisa. Kwake kuadhini kwenye sikio la mtoto ni kitu cha kawaida kama kumfunga nepi, lakini na yeye alikuwa amesubiri nilale. Na mimi nilikuwa nimelala pale na mshono wangu nikisikia kila neno, nikaona ni vizuri, sauti yake nzuri mno, na wakati huo huo nikahesabu. Moja kwake. Nikaiweka kwenye hesabu zile zile za mwavuli, na Jumatano ile parokiani nilikwenda kusawazisha.

Hatukukumbatiana kama kwenye sinema. Tuligombana. Tuligombana kwa sauti ya chini kwa sababu ni eneo la makaburi, na tukaendelea kugombana ndani ya basi mpaka Panjim, tukatoa na ya mama zetu, na ya mwavuli, na ya shangazi. Kuhusu mwavuli ndipo nilipojua kwamba siku ile ya msiba mjomba wangu mmoja, marehemu sasa, alimfuata mlangoni akamwambia angeona aibu kumwona mle ndani. Alikuwa ameinyamazia miaka minne asinigombanishe na kwetu. Nilitaka kumpiga, kwa kunyamaza.

Jioni tulitoka kutembea kwa sababu chumba kilikuwa kidogo. Katikati ya Panjim kuna Kanisa la Mama Yetu wa Imakulata, jeupe pe, juu ya kilima kidogo, na mbele yake ngazi zimepanda kwa kupinda kushoto na kulia kama mkufu. Lilianza kama kikanisa mwaka 1541, likajengwa upya 1619. Mabaharia wakifika kutoka Lisbon walikuwa wakipita hapo kushukuru. Kengele yake ilitoka kwenye ule ule mnara wa Waagostino tuliogombania chini yake mchana, waliileta huku mwaka 1871. Hilo nililisoma kwenye kijitabu cha hoteli, nikamwonyesha bila kusema. Ndiyo ilikuwa salamu yetu ya kwanza tangu tushuke basi.

Tukakaa kwenye ngazi. Akapiga simu nyumbani, Dar ni saa mbili na nusu nyuma, mtoto alikuwa bado hajalala mchana. Mama yangu akampa simu. Yusufu hakuwa na habari kubwa, alisema kuku, akasema kuku tena. Kengele ikapigwa juu yetu, nzito, mpaka ngazi unaisikia kwenye mgongo.

"Baba, nini?"

"Kengele, baba. Ya kanisa. Mama yako yuko hapa anaisikiliza."

"Na wewe?"

"Na mimi."

Alipokata simu akaniomba kalamu. Moyo ukanienda mbio. Akafungua fomu kwenye goti lake, akaangaza kwa tochi ya simu, akainama. Nikaona anaandika, lakini si kwenye mstari wa sahihi. Pale kwenye jina la baba nilikuwa nimekosea jina la babu yake, nimeandika herufi moja siyo. Alilikata kwa mstari mmoja ulionyooka, akaandika juu yake kwa herufi kubwa, taratibu, kama anajaza makaratasi ya forodha. Mstari wa sahihi akauacha. Akaipuliza wino, akanirudishia.

"Isije ikaenda na makosa," akasema. "Twende tukale."

Pasaka ile ilipita. Fomu haikurudi parokiani, na sijaichana. Iko kwenye bahasha ya vyeti, kati ya cheti cha kuzaliwa na kadi ya kliniki, wote tunajua ilipo. Yusufu ameanza chekechea. Jumamosi anakwenda chuo na watoto wa jirani, Krismasi anakwenda kanisani na bibi yake, anasinzia kote kuwili. Mwaka jana kaka yangu alioa Kibosho. Mume wangu aliingia, akakaa benchi la nyuma kabisa karibu na mlango, mtoto mapajani, mwavuli chini ya benchi ingawa mvua haikunyesha.